Picha Moja Tu ya Babu

Kama nyumbani kwako kuna picha moja tu ya mtu aliyekwisha kufa, usimpe mtu aibandike. Hata kama ni mwanao. Hata kama mikono yake unaisifia kila mahali kama ninavyoisifia mimi ya huyu wangu. Nasema mapema kwa sababu najua mtu akiziona kazi za binti yangu zilivyo ukutani atapata tamaa, atakimbilia kabatini, atamtoa marehemu na kumpaka gundi siku hiyohiyo. Subiri kwanza, unisome mpaka mwisho.

Binti yangu ni kitindamimba. Mchana anafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, jioni anabandika picha kwenye kitambaa, palepale kwenye meza tunayolia chakula. Anachukua fremu ya mbao, anaiwamba kitambaa kizito, anakivuta mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia, anakibana kwa pini nyuma. Kisha anapaka gundi nyeupe, nzito kama uji, kwenye kitambaa na mgongoni kwa picha. Anailaza picha kuanzia katikati, anaisukuma kwa kadi ya plastiki kwenda pembeni mpaka mapovu yote yatoke. Anaiacha ikauke. Ikishakauka ndipo anapaka gundi nyingine kwa juu, nyembamba, brashi ikienda upande mmoja, na hiyo ikikauka anapaka tena brashi ikikatiza. Gundi nyeupe inageuka kioo, na picha inapata vijimstari kama vya kitambaa chenyewe. Utadhani mtu ameketi akaichora kwa mkono.

Mimi nimeishia darasa la saba, sanaa sikufundishwa, lakini kitu kizuri nikikiona nakijua. Mwanzoni niliogopa harufu ya gundi, nikaogopa wembe, nikaogopa kitambaa changu cha meza. Baadaye nikajikuta navuta kiti nitazame.

Sasa, mama mkwe wangu anaishi nasi. Macho yake yanaondoka. Daktari wa macho alisema waziwazi kwamba kilichobaki kitatunzwa kwa dawa ya matone, kilichokwenda hakirudi. Anauona mwanga wa dirisha, anaona kama mtu amesimama mlangoni, lakini ni nani, mpaka useme. Na kila asubuhi alikuwa anatoa picha ya marehemu mumewe kwenye mfuko wa nailoni, anakaa dirishani, anaisogeza karibu mpaka inagusa pua. Siku moja nilimkuta ameishika kichwa chini miguu juu, anaitazama, anatabasamu. Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuwa na kazi navyo.

Picha yenyewe ni ya ukubwa wa kiganja. Babu amesimama mbele ya lori lililofunikwa turubai alilolishona mwenyewe. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kushona maturubai, na sifa zake katika nyumba hii hazikauki: mvua inyeshe mpaka barabara ikatike, mzigo uliofunikwa na turubai la mzee utafika mkavu. Kupigwa picha ndiko hakukupenda. Kamera ikitokea, yeye anakwenda kutafuta uzi. Basi ikabaki hiyo moja.

"Bibi," binti yangu akamwambia, "nitamkuza babu. Nitamfanya mkubwa kama mlango wa kabati."

"Utamkuza vipi?"

"Naipeleka dukani, naitoa kopi kubwa, naibandika."

"Yaani unanitengenezea mwingine, huyu wangu abaki vilevile?"

"Ni yuleyule, bibi."

"Si yuleyule. Hii aliishika kwa mkono wake akanipa, akasema shika, usinisumbue tena. Hiyo yako itashikwa na nani? Mashine. Basi kaolewe na mashine, mke mwenzangu, mimi niachie mume wangu."

Hawa wawili wanataniana hivyo tangu mtoto anatambaa. Bibi ni mke mkubwa, mjukuu ni mke mdogo, na kila mmoja anadai yeye ndiye aliyependwa.

Alichokitaka bibi ni kingine kabisa. Stoo kulikuwa na kipande cha mwisho cha turubai la babu. Akataka picha ileile ibandikwe juu ya turubai lilelile, itundikwe kando ya kitanda chake, mkono ufike.

"Sasa hivi naitafuta kwenye nailoni kama sindano," alisema. "Siku moja nitaikalia. Nikishindwa kumwona, angalau nijue alipo, nimguse."

"Mama, hiyo ni moja tu," nikasema.

"Na mimi ni mmoja tu."

Nikamgeukia mume wangu anisaidie. Akasema picha ni ya mama yake na mume ni wa mama yake, yeye hayumo. Nikamwambia binti angalau aipige kwa simu kwanza. Akajaribu, lakini bibi hakukubali kuiachia hata kidogo, na mkono wake unatetemeka. Kilichotoka kwenye simu ni kidole gumba kikubwa na nusu ya kofia.

Basi siku ya mapumziko, mchana, mwanga mzuri, binti akaliwamba lile turubai. Namsifu, maana lilikuwa gumu kama mlango, lakini alilikunja pembe zikalala kama shuka la hospitali. Bibi aliketi kiwikoni kwake. Mimi nilikuwa nyuma.

"Mama, unanipumulia shingoni."

Nikakaa. Nikasimama tena.

Alipopaka gundi niliona inajikusanya kama jasho usoni. Hakupendezwa. Akapaka tena, akasugua, akasema kitambaa ni kinene, kinakunywa gundi. Kumbe hakikunywa hata tone. Akailaza picha, akaanza kuisukuma kwa kadi, taratibu, kutoka kifuani kwa babu kwenda pembeni.

"Amelala?" bibi akauliza.

"Amelala."

"Usimkandamize kifua."

"Namshika kama yai, bibi."

Nilivyoiona mikono ile inakwenda bila haraka, nikajiambia pengine hofu yangu ni ya bure. Hapo ndipo ninapowaonya, wenzangu. Mikono mizuri inatuliza, na kutulia kwenyewe ndiko kunakokufanya unyamaze pale unapotakiwa kusema ngoja.

Iliachwa dirishani ikauke, ile gundi ya juu ipakwe kesho yake.

Asubuhi nikawa wa kwanza kuamka. Pembe moja ilikuwa imenyanyuka. Nikaibonyeza, ikanyanyuka tena. Nikaenda kuwasha chai, niliporudi picha ilikuwa imejikunja kama jani kavu, na mbele ya macho yangu ikaachia, ikaanguka sakafuni kifudifudi. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama ni nyoka.

"Nani amekufa?" bibi akaita kutoka chumbani.

"Babu!" nikasema, maana sikuwa na akili. "Babu ameanguka!"

"Babu gani anaanguka leo?"

Binti akatoka bafuni na taulo kichwani. Nilijua atalia, nami nilikuwa tayari kulia naye. Hakulia. Alipiga magoti, akaiokota picha kwa ncha za vidole, akaigeuza. Usoni kulikuwa salama, kwa sababu gundi ya juu ilikuwa bado. Mgongoni gundi ilikuwa imekauka utando mmoja. Akachukua kitambaa chenye unyevunyevu, akagusagusa, akasubiri, akagusagusa tena, kisha akaanza kuuchuna kutoka kona moja, polepole, kama unavyomchuna mtoto plasta asiamke. Utando ukatoka wote, picha ikabaki nzima.

Ndipo akaligeukia turubai. Akalidondoshea tone la maji. Tone likasimama duara, likateleza, likadondoka sakafuni. Akalinusa. Akaanza kucheka.

"Mama, babu alilipaka nta hili! Limeshiba nta mpaka ndani!"

Sote tulijua. Maisha yetu yote tunaimba kwamba turubai la mzee halipitishi maji, na hakuna aliyekumbuka kwamba gundi nayo ni maji. Kabla ya siku ile binti alibandika picha nyingine za majaribio kwenye kitambaa cha kawaida, zikashika, akaridhika; kwa vile turubai lilikuwa kipande kimoja hakutaka kulipotezea gundi bure. Nyumba nyingine wangekosea vingine. Sisi tulikoseshwa na sifa zetu wenyewe.

Bibi alikuwa ameshafika mlangoni, mkono ukutani. Aliposikia, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Aliniambia hata mate hayakai juu yake! Mke mwenzangu, umeshindwa na mume wako. Kupigwa picha hakutaka, wewe ulidhani kubandikwa atataka?"

Lakini alipopewa picha, kicheko kiliisha. Akaipapasa pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudia tena.

"Na turubai lingeshika?" akauliza.

Namsifu mwanangu kwa mengi, ila kwa hili zaidi, kwamba hakumdanganya. "Lingeshika, bibi, picha isingetoka tena. Leo ningepaka juu, na ningekosea kidogo tu, uso ungechubuka. Na nyingine hatuna."

Chai ilichemka ikamwagika jikoni, hakuna aliyekwenda.

"Mkuze," bibi akasema. "Lakini nakwenda naye."

Akavaa nguo yake ya kutokea, tukampeleka dukani. Alikaa kwenye stuli kando ya mashine, mkono ameunyoosha mbele, kiganja wazi, mpaka picha iliporudishwa juu yake. Wateja walidhani anaomba. Binti aliichapa kwa mashine ya wino wa unga, kwa kuwa ule wino wa maji ukiguswa na gundi unatiririka, na babu angetoka na masharubu mpaka kifuani. Hilo nalo lishikeni.

Kazi iliyofuata sijaona mfano wake. Kitambaa kilikuwa kipya, maradufu, yaani pamba nene, safi isiyo na nta. Babu akalala juu yake mkubwa, bila povu hata moja. Kisha ikaja gundi ya juu, na hapo hakupaka kama anavyopaka za watu wengine. Alichukua brashi nyembamba. Akaufuata ukingo wa kofia. Ikikauka, anaupita tena palepale. Akaifuata pua, akaifuata kola ya shati, masharubu unywele kwa unywele, kamba za turubai kwenye lori moja moja. Kila akirudi kutoka kazini, kabla ya kula, anaongeza tabaka. Nilikuwa namsogezea sahani, inapoa, naichukua naipasha tena. Kwa mbali ni picha tu inayong'aa. Ukifumba macho ukaweka kidole, unamkuta mtu.

Siku alipoitundika kando ya kitanda, bibi aliketi ukingoni mwa godoro, akanyoosha mkono.

"Kofia," akasema. Kidole kikashuka. "Pua. Pua ya ukoo huu, maskini, hata mjukuu hakuponyoka."

"Nimeisikia hiyo, mke mkubwa."

Kidole kikafika kwenye masharubu, kikaenda kulia, kikarudi kushoto, kikasimama.

"Upande huu ni mfupi."

"Kwenye picha ni mfupi, bibi. Sikutaka kumrekebisha."

"Alikuwa anayakata kwa mkasi wa maturubai, bila kioo," bibi akasema. "Nilidhani nimebaki mimi tu ninayejua." Akalaza kiganja chote shavuni kwa babu, akakaa hivyo. Mimi na binti tukatoka.

Na ile picha yenyewe? Binti alilikata turubai la babu, akashona mfuko, akaubana nyuma ya fremu. Picha iko humo. Kile kitambaa kilichoikataa ndicho kinachoilinda, maana unyevu hauingii, gundi haiingii, wala mende hana ubavu. Kila asubuhi bibi anagusa kwanza mbele, kisha anapitisha mkono nyuma.

"Yupo?" namuuliza.

"Yupo. Leo hajatoka."

Tangu majirani waione, wanakuja na marehemu wao kwenye bahasha. Mimi nawapokea mlangoni kabla hawajamfikia binti. Nauliza jambo moja: iko nyingine? Kama haiko, hakuna kukaa, hakuna maji ya kunywa, kwanza dukani ukatoe kopi. Wananiona nina roho ngumu. Mmoja aliniambia mwanangu ana mikono ya ajabu, sasa naogopa nini? Nikamwambia ndiyo, ana mikono ya ajabu. Lakini siku ile picha haikuokolewa na mikono yake. Iliokolewa na nta ya mzee aliyekwisha kuzikwa, na mzee huyo ni wetu, wewe wa kwako hakushona maturubai.

Akarudi akatoa kopi.

Na jioni, bibi akishalala, mimi naingia kumfunika. Nikimaliza, napitisha kidole changu nyuma ya fremu.

Yupo.