Mali ya Marehemu

Ujanja wa Wamboga ulikuwa huu: vitu vya mtu aliyefia ng'ambo havitozwi ushuru. Sheria imewahurumia wafiwa, naye Wamboga, wakala wa forodha mwenye kiofisi kule upande wa viwandani Mbale, akaigeuza huruma hiyo njia ya mkato. Alishawaua wateja wake kadhaa kwenye karatasi, watu wazima wa afya, na baadaye wakaketi naye kula nyama choma na kucheka. Kwa kuwa hakuna aliyedhurika, akajiona mjanja.

Sasa likaja sanduku la dada yake. Nandutu alikuwa mtumishi wa ndani huko Uarabuni. Alijinyima miaka na miaka, akanunua cherehani tatu za umeme na majora ya vitambaa, akavituma kwa meli ili Mayi, mama yao, afungue duka la ushonaji pale mtaani Nabuyonga. Mzigo ulishuka Mombasa, ukavuka mpaka, ukakwama kwenye ghala la forodha Jinja ukingoja ushuru. Wa kuulipa hakuwepo, na muda ukipita, serikali inaunadi.

Wamboga hakumuuliza Nandutu wala Mayi. Alimpitia mwenyekiti wa mtaa, akatoka na barua yenye muhuri kwamba Nandutu ni marehemu. Akaipeleka Jinja kwa Herbert, mwanajeshi mstaafu mwenye kampuni iliyompeleka Nandutu kazini, ili athibitishe kwamba binti huyo aliishi Uarabuni kweli. Herbert akavua kofia. "Pole sana, bwana," akasema, akamfungashia sukari na mchele wa matanga. Hakupiga simu hata moja kuuliza binti wa watu amekufaje. Alifunga faili la Nandutu na kushukuru kwamba hakuna aliyedai maiti.

Na Wamboga akaipokea ile sukari. Jamani, mtu ana macho makavu! Sanduku likatoka wiki ile ile, na Mayi alipokalia cherehani mara ya kwanza alilia kwa furaha, kisha akampikia mwanawe chai kwa sukari hiyo hiyo.

Haikupita miezi mingi Nandutu akapiga simu kwa namba ngeni, akinong'ona. Tajiri wake alikuwa amemchoma mkono kwa pasi. Alikuwa ametoroka, akakimbilia ofisi ya huko inayofanya kazi na Herbert. Wakatafuta jina lake, wakamwambia mwenye jina hilo alishakufa, kwa hiyo yeye ni mwizi wa pasipoti ya maiti. Wakamrudisha kwa tajiri.

"Anacheka, kaka," Nandutu akasema. "Anasema kwetu wameshanizika, nani ataniulizia? Nani amewaambia nimekufa?"

"Nitauliza," Wamboga akajibu.

Nitauliza! Hilo ndilo neno alilompa dada yake, na simu ikakatika.

Asubuhi yake alikuwa Jinja, akamweleza Herbert yote. Herbert alimsikiliza akichezea kalamu. "Mimi nilifunga kwa karatasi, bwana. Niletee karatasi ya forodha inayosema ulidanganya, nitamfungulia faili na kumdai leo hii. Lakini unajua watakufanya nini."

Alijua. Leseni ingekwenda na jela ingemngoja. Alifika mpaka lango la forodha, akasimama, akanunua maji, akayanywa, akapanda gari kurudi Mbale. Nasema wazi bila kumficha: aliogopa, na kila siku aliyoogopa ilikuwa siku aliyomnyang'anya dada yake.

Alipopata moyo wa kuingia, alimkuta Norah, afisa yule yule aliyelipitisha sanduku. Akakiri kila kitu, akaomba ile karatasi aliyoitaka Herbert.

"Ushuru nitauchukua, na polisi nitawaita, hayo hayana shida," Norah akasema. "Lakini niandike kwamba yu hai kwa neno lako wewe, uliyenidanganya? Forodha haifufui watu. Mpigie, nimsikie."

Wamboga akapiga ile namba ngeni. Haikupatikana. Akapiga tena, na tena, mpaka Norah akageuza uso dirishani.

"Nenda kamwambie mama yako kabla polisi hawajamwambia," akasema taratibu. "Kesho asubuhi uwe hapa."

Mayi alikuwa akishona sare za shule. Wamboga alimweleza akiwa amesimama, maana hakuthubutu kukaa: barua, sukari, mkono uliochomwa, namba isiyopatikana. Mayi akautoa mguu kwenye kikanyagio. Akazitazama cherehani.

"Kwa ajili ya hizi?"

"Kwa ajili ya hizo, Mayi."

Akakata uzi kwa meno, akaitoa sare iliyokuwa nusu, akachomoa waya ukutani.

"Zirudishe," akasema. "Zirudishe zote tatu, na vitambaa vilivyobaki. Waambie hatuzitaki. Wao wanipe mtoto wangu."

Wamboga alizijua njia zote za forodha, hata zile za uchochoro, na njia ya namna hiyo haikuwepo. Alitaka kumwambia hivyo, akashindwa. Akainama, akabeba cherehani ya kwanza, na Mayi akashika ya pili.