Tiki Kwenye Picha za Veikko

Kiharusi kilimwachia Veikko mkono wa kushoto na maneno yasiyojaza kiganja. Kusoma ndiko kulikwisha kabisa, yeye aliyefundisha hesabu mjini Kokkola mpaka akastaafu. Basi mkewe, Irmeli, akamchorea picha ndogo za rangi, na binti yao Heini akaziweka kwenye skrini ya kompyuta: jua la kufungulia hali ya hewa, skii za michezo, kinanda cha redio, na uso wa mjukuu wa kumpigia Heini. Veikko alizibofya mwenyewe. Irmeli akisogea kumsaidia, alimfukuza kwa mkono kama anafukuza kuku.

Asubuhi moja ya Novemba, kompyuta ilipomaliza kujisasisha, Irmeli alisikia kipanya kikigonga ukuta. Alikimbia kutoka jikoni na unga mikononi. Pembeni mwa kila picha palikuwa na tiki ndogo ya kijani.

"Kosa," Veikko alisema.

Irmeli hakuwa amelisikia neno hilo kinywani mwake tangu hospitali. Siku nyingine angelishangilia. Lakini katika shule za Ufini mwalimu huweka tiki kwenye jibu lililokosewa. Lililo sahihi hupata mstari wa mshazari na nukta mbili. Veikko alichora tiki hizo maisha yake yote ya kazi, na sasa skrini ilikuwa imemsahihisha yeye, picha kwa picha, na zote amekosa.

"Si kosa, mzee wangu. Ni mashine tu hiyo."

"Kosa. Kosa. Kosa." Machozi yalimtiririka upande mmoja wa uso.

Irmeli alimpigia Heini huko Turku.

"Mama, mbona hizo tiki ni nzuri! Maana yake mafaili yamehifadhiwa mtandaoni, yako salama."

"Haya, mwambie baba yako."

Heini alimsikia baba yake akilia.

"Ziondoe," Irmeli alisema.

"Haziondoki hivihivi. Inabidi uzime ile huduma ya kuhifadhi. Chini kulia kuna kiwingu cha bluu, umekiona?"

"Nimekiona. Heini, naogopa."

"Unaogopa nini na mimi nipo? Bonyeza, unisomee kinachotokea."

Irmeli alisoma, akabonyeza alipoambiwa, akakubali kila alichoulizwa. Mara picha zote zikatoweka. Likabaki ziwa la kwenye skrini, tupu, bila jua wala kinanda.

Veikko alilitazama ziwa, kisha akamgeukia mkewe kama mtoto aliyenyang'anywa daftari katikati ya mtihani.

"Zimeondoka zote! Heini, umenifanyia nini?"

"Hazijapotea, mama, zimehamia folda nyingine. Tulia, usiguse kitu..."

"Sigusi tena! Mimi kazi yangu kuchora, haya siyawezi."

Jumamosi Heini alishuka kwenye treni. Kahawa haijapoa, picha zilikuwa zimerudi mahali pake, safi, hazina tiki hata moja.

"Baba, njoo uone! Kama mpya!"

Walimsogeza na kiti chake. Veikko alizikagua moja moja, pua ikikaribia kugusa kioo. Heini aliingiza kipanya chini ya kiganja chake. Veikko aliuondoa mkono, akaulaza gotini.

"Kinanda tu, baba. Mara moja."

"Hapana."

"Lakini tiki zimefutika! Huzioni zimefutika?"

Alitikisa kichwa na kufumba macho.

Heini alikwenda kulilia jikoni, mbele ya mkate mtamu wa iliki ambao hakuna aliyeukata. "Tungemwambiaje, mama? Kwa maneno gani?"

Irmeli alimpangusia mwanawe mashavu kwa aproni, akamfungia mkate wa safari.

Jumatatu aliiacha redio kimya makusudi, akijishughulisha na vyombo vilivyokwisha oshwa, akisubiri kusikia kubofya. Saa ya muziki ilifika. Veikko alikaa akiangalia theluji dirishani. Wimbo wa kwanza ulipokuwa umeshapita, Irmeli alijipangusa mikono, akaenda kukibofya kinanda mwenyewe. Mumewe hakumfukuza.

Kesho yake ikawa vilevile.