Kufuli la Picha ya Saba

Asubuhi hiyo Dairekta alikuwa amepiga magoti sakafuni, anachora mlango kwa mara ya nne. Mlango wenyewe haukumsumbua: mbao, bawaba mbili, kufuli kwa nje. Kilichomshinda ni vidole vilivyopenya chini yake.

Jina la Dairekta alipewa na shangazi yake kwa utani, mtaa mzima ukalidaka. Shangazi ndiye aliyeingia sasa na kikombe.

"Dairekta wangu, kunywa chai kwanza. Hao watu hawampi hela mtu anayezirai. Halafu hizi karoti za nini?"

"Si karoti, shangazi. Ni vidole."

Shangazi akaweka kikombe chini polepole. Vilikuwa vidole vya wifi yake, mama yake Dairekta.

Miaka kumi na moja nyuma, mama yake Dairekta aliungulia ndani ya chumba cha kushonea nguo, yeye na wenzake watano. Tajiri wao alikuwa na mazoea ya kuwafungia kwa nje, eti wasiibe vitambaa. Sasa binti alitaka kutengeneza filamu ya siku hiyo: chumba kimoja, waigizaji sita, kamera ya kuazima. Kilichobaki ni watu wa kuweka pesa.

Saa nne alikuwa ofisini kwa mama mwenye duka la dawa. Pembeni alikaa mwuza vitambaa, mzee wa sauti ya upole. Dairekta akabandika michoro tisa ukutani, akaanza kusimulia. Akasimulia mpaka mchoro wa tisa.

"Na pesa yetu inarudi vipi, mwanangu?" mama wa dawa akauliza.

"Mama, sitakudanganya. Inaweza isirudi yote. Tutaionyesha kumbini, kisha tuiuze kwa televisheni."

"Angalau wewe hujaniahidi ghorofa. Wa juzi alitaka kuninunulia na bahari." Akacheka kidogo, akajifuta macho. "Mimi natoa robo. Ila robo peke yake haitoshi kitu."

"Zilizobaki natoa mimi," mwuza vitambaa akasema. "Leo hii."

Dairekta akamshukuru mara mbili.

"Ila hiyo picha ya saba." Mzee akaunyooshea kidole mlango uliochorwa. "Moto uwepo, watu walie. Kufuli litoke. Moto ni moto tu, binti yangu. Ukiweka kufuli, watu wataanza kutafuta mchawi."

"Mzee, bila kufuli wangetoka."

"Fikiria mpaka jioni."

Mama wa dawa akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Mpiga picha wa filamu yake alikuwa anamsubiri kwenye ngazi. Aliposikia yote, akapiga makofi. "Kubali bwana! Kufuli tutalirudisha wakati wa kuhariri. Atalikuta siku ya onyesho, amekaa mstari wa mbele na suti yake!"

Dairekta hakucheka. Aliitaka hiyo filamu kuliko kitu chochote duniani, na kwa hatua kadhaa alikaribia kukubali.

Wakakata njia ya uchochoroni, nyuma ya duka la vitambaa la yule mzee. Hapo akasimama. Cherehani zilikuwa zinanguruma, nyingi, nyuma ya mlango wa chuma. Kwa nje lilining'inia kufuli jipya, linang'aa.

Akagonga. Cherehani zikanyamaza.

"Nani?" sauti ya mwanamke.

"Mpita njia. Dada, mmefungiwa?"

"Ufunguo anao mzee. Saa saba anatufungulia tukale."

Sauti nyingine ikadakia, "We dada, nenda zako, usituponze!"

Cherehani zikaanza tena. Mpiga picha akavua kofia. Habari ya kuhariri hakuitaja tena.

Dairekta akakaa kwenye ukingo wa mtaro, michoro mapajani. Ule wa saba ulikuwa juu, na vidole vyake bado vilifanana na karoti. Akatoa simu, akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Shikamoo mzee. Asante kwa kukubali kutusaidia. Kufuli la kwenye picha siwezi kulitoa. La nyuma ya duka lako wewe unaweza. Nakuomba, leo."

Akatuma. Alama mbili zikageuka bluu palepale: mzee ameusoma ujumbe.

Saa saba ikafika, mzee hakuja kufungua. Saa tisa ikapita. Alikuwa bado amekaa pale, simu mkononi, jibu hakuna, na kufuli bado liko mlangoni.