Kichwa Kilichofuata Itifaki

Mwaka 2008, Bertha wa kwaya ya Ganako alitunga wimbo akipalilia maharage, akauita "Mvua ya Shukrani." Waandaaji wa tamasha kule Arusha wakasema: wekeni video mtandaoni, tutajieni jina la wimbo tu, tutautafuta wenyewe na kuteua watakaoimba. Bertha hakuwahi kutamani kitu maishani kama kuimba kwenye jukwaa lile.

Lakini video ilitaka kichwa, na kichwa kikaundiwa kamati. Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Melkizedek, alikuwa mtu ambaye hata kuku wake akitaga angeitisha mgeni rasmi.

"Tunaanza na mgeni rasmi aliyezindua albamu yetu," alisema. "Anafuata mama mgeni rasmi. Halafu mwenyekiti."

"Mzee, jina la wimbo litangulie," alisema Bertha. "Mtandao unatafuta kwa maneno tuliyoandika, na nafasi ni ndogo."

"Wimbo uwatangulie wakubwa? Adabu gani hiyo?"

Wajumbe, mabingwa wa kumaliza chai ya kamati, wakaitikia kwa vichwa. Bertha aliwadharau wote kwa mkupuo mmoja. Kichwa kikaandikwa kwa kufuata vyeo, na nafasi ikaishia kwenye jina la Melkizedek. Wimbo haukupata hata herufi.

Siku chache kabla ya uteuzi, Bertha aliingia intaneti kafe pale Karatu mjini, akaandika "Mvua ya Shukrani." Zikaja video za mafuriko, za mvua ya mawe, na ya mhubiri mmoja anayefoka. Yao haikuwemo. Akakimbia kuomba kichwa kibadilishwe, lakini neno la siri alikuwa nalo mwenyekiti peke yake, na mwenyekiti akasema suala hilo lisubiri kikao.

Tamasha likapita, wakaimba wengine. Bertha alilia jikoni kwake mpaka moshi ukasingiziwa.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Melkizedek akamwita kafe, uso umemnawiri.

"Ulisema video haipatikani. Hebu tazama."

Akaandika jina lake, la baba yake na la ukoo, akaongeza cheo. Video ikatokea juu kabisa.

"Umeona? Ya kwanza dunia nzima!"

Bertha alimtazama mtu huyu aliyemkosesha jukwaa.

"Na katika dunia nzima, Mzee, nani mwingine anayekutafuta?"

Mzee Melkizedek hakumsikia. Alikuwa ameshaibonyeza, anajitazama.