Tapeli Kwenye Benchi la Fundi

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi kola ya sare ya shule simu ilipoita. Sauti ya kiume, laini kama ya mchumba, ikasema inatoka huduma kwa wateja.

"Shikamoo mama. Laini yako inafungwa leo. Nitajie tu namba ya siri."

Fundi aliitambua. Ndiyo ile aliyoikuta wiki iliyopita ikimshukuru mama yake kwenye spika ya simu, pesa ya kumtoa mtoto wa jicho ikiwa imeshayeyuka.

"Nimekukataza mara ngapi, mama?" alifoka siku ile.

"Kijana aliniamkia vizuri," mama akajibu.

Basi fundi akaweka pasi pembeni, akazamisha mkono ndani ya simu hadi kwenye kiwiko, akamkamata tapeli ukosi na kumvuta. Alitoka kwa shida, shati limechomoka. Mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake akasogea kumpisha kwenye benchi.

"Pesa ya mama iko wapi?"

"Nilishaipeleka kwa bosi."

"Bosi yuko wapi?"

"Sura yake hatuijui. Hupiga simu tu."

Fundi akamburuta hadi kituo cha polisi. Askari wa zamu akaeleza kwamba kesi hizi hufuatiliwa kwa namba, si kwa mtu. Akaipiga namba ya tapeli. Haikupatikana.

"Mtuhumiwa hapatikani, mama. Tutakujulisha."

"Si huyu hapa!"

"Huyu hana simu."

Walipofika nyumbani, fundi akamwamuru arudi alikotoka. Tapeli akajaribu. Kichwa kilipita, mabega yakakwama kwenye kioo cha simu, ikabidi achomolewe tena.

"Na chakula chenyewe hakitoshi," fundi akanung'unika, akampakulia.

Baada ya kula, mama, ambaye macho yake yaliona ukungu mtupu, alimwomba mgeni amsomee ujumbe ulioingia.

"Wanasema umeshinda gari. Usiwajibu, mama. Matapeli hao."

"Umejuaje?"

"Tunakaa meza moja."

Mama akamsifu kwa malezi mema. Fundi akakusanya sahani kwa kishindo. Kisha mama akasema angependa kuangalia salio, ila namba ya siri imemtoka kichwani.

Tapeli akamtajia, bila kukosea hata tarakimu moja. Mama akabonyeza, akampa simu amsomee.

"Hamna kitu, mama," tapeli akasema kwa upole.