Jirani wa Nyuma ya Pazia

Mume wangu ni meneja wa wafanyakazi, na watoto walimbatiza Bwana Kanuni hata kabla hajatuletea ofisi nyumbani. Kampuni ilipoamua kila mtu afanyie kazi kwake, alirudi na kompyuta pamoja na kurasa za kanuni alizoziandika mwenyewe, akaiteka meza ya chakula. Sisi tukahamia jikoni, tukala sahani zikiwa magotini.

Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kelele: sauti ya nyumbani kwako ikisikika mkutanoni, unapewa onyo. Mhasibu wao, mwenye mtoto mchanga, alikuwa ameshapewa lake. Mtoto alilia, basi. Sijui Bwana Kanuni alitaka wamfundishe kanuni tumboni.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumbani, nyuma ya pazia, tangu mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Lakini mume wangu akiulizwa mkewe anafanya kazi gani, hujibu, "Yupo tu nyumbani." Hilo "tu" limenikaa kooni miaka mingi.

Asubuhi ile alikuja akiwa na tai shingoni na kaptura kiunoni.

"Mama, leo mkurugenzi mwenyewe yumo mkutanoni. Hicho kidude chako kinyamaze."

"Baba, gauni la bibi harusi linachukuliwa leo. Bado sijalishonea mikono."

"Si kushona tu? Mimi niko kazini."

Nilipandwa na hasira. Nikasubiri aketi, nikakanyaga cherehani.

Mkurugenzi, mama mwenye sauti ya taratibu, alisikika akiuliza, "Samahani, kwa nani huko kuna kiwanda?"

Wote walikuwa wamezima maiki, kwa amri ya mume wangu. Iliyobaki wazi ni yake, maana ndiye aliyekuwa akiwasomea kanuni. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Ni... ni jirani," akasema. "Anashona. Watu wengine hawana ustaarabu."

Jirani! Nimemzalia watoto, nimempigia pasi hilo shati alilovaa, leo mimi jirani. Machozi yalinilenga. Nikataka kukata uzi, mkasi sikuuona. Nikakumbuka: aliuchukua kukatia karatasi za kubandika kanuni ukutani. Basi nikatoka, futi shingoni, mkono wa gauni begani, nikasimama mbele ya kompyuta.

"Hamjambo jamani. Mimi ndiye yule jirani. Nimefuata mkasi wangu, umelaliwa na kanuni."

Mkurugenzi akacheka. "Jirani, mbona unaingia bila hodi?"

"Kazini kwangu ni hapahapa, mama. Mgeni ni huyu, kaingia juzi."

Mhasibu alicheka hadi mtoto wake akaamka, akaangua kilio. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Haya, meneja," mkurugenzi akasema, "onyo la leo tumwandikie nani?"

Mume wangu akalegeza tai.

"Huyu ni mke wangu," akasema. "Yuko kazini."

Nilisubiri lile "tu." Halikuja.

Mchana nilikuwa namalizia mkono wa pili niliposikia mtu akikohoa nje ya pazia. Chumba ni chake, kitanda ni chake, lakini alisimama hapohapo.

"Hodi, fundi."

"Nani?"

"Mimi. Kifungo cha shati kimekatika."

"Subiri. Kuna bibi harusi mbele yako."

Akasubiri.