Sanduku Lisiloimba

Dufie alikuwa na namna yake ya kupima amplifaya, na haikuhitaji umeme. Aliinyanyua. Alianza na ile yenye taa za bluu na maandishi ya dhahabu, wati elfu tatu, akaiona nyepesi kama mkate. Akairudisha rafuni. Ya pili, wati elfu mbili na mia tano, ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza.

"Dada, hapa tunauza muziki, hatuuzi viazi," alisema Larbi, mwenye duka. "Mbona unapima kwa mkono?"

"Wati elfu tatu zingekuwamo humu, mkono wangu ungejua. Shaba ina uzito. Maandishi ndiyo hayana."

Wauza vyombo vya muziki pale Adum, katikati ya Kumasi, wana dini yao, na nguzo yake ya kwanza ni wati. Mteja akiingia anahesabiwa wati mpaka kichwa kinamzunguka, analipa, anaondoka na bati lenye taa. Lakini Dufie alikuwa fundi umeme wa magari kule Suame, mtaa wa magereji, mwaka wa kumi na mmoja huu, na mtu aliyefungua vifuniko vingi hatishwi na kilichoandikwa juu ya kifuniko.

Tena alichokitafuta hakikuwa cha sherehe. Baba yake, Mzee Badu, alipiga ngoma kubwa za fontomfrom mbele ya chifu kwa miaka thelathini na minne. Hizo si ngoma za kuchezea tu. Zinasema. Mlio wa juu na mlio wa chini hupangwa kama maneno yanavyopangwa kinywani, zikawataja waliotangulia kwa majina, zikaamkia, zikaonya, na anayejua lugha hiyo huitika. Kisha masikio ya mzee yakaanza kufa, la kushoto kwanza, halafu yote mawili. Siku ile alipoona midundo ya wenzake kwa macho tu, alisema kwamba mtu asiyesikia ngoma hana la kujibu, akafunga mdomo. Mwezi wa tisa sasa, neno lake refu lilikuwa "maji".

Redio moja ya mjini ilikuwa imemrekodi zamani, enzi za nguvu zake. Dufie aliipata ile rekodi akaweka nadhiri moyoni: sauti isiyopita masikioni ataipitisha mwilini. Spika alikuwa nayo tayari, ya inchi kumi na tano, aliing'oa kwenye gari lililopinduka. Vilibaki viwili, amplifaya ya kuisukuma na sanduku la kuikalisha, na alijua kwamba akikosea kimojawapo baba yake atabaki huko huko alikokwenda.

"Kama shida yako ni besi, ya nini kuhangaika kuunda?" Larbi alipiga kofi juu ya sanduku jeusi lililomfika kiunoni, na tundu mbele kubwa kama bakuli. "Hili hapa limekamilika. Ukiliwasha, jirani anahama."

"Nipigie hii," Dufie akasema, akampa simu yake.

Ngoma zikaanguka dukani. Vioo vikatetemeka, na mama mwuza ndizi nje akageuza shingo. Dufie mwenyewe kifua kilimjaa, hakutaka kukubali lakini kilimjaa. Ndipo akaziba masikio kwa vidole, akafumba macho, akasogea karibu na lile tundu, ili aipate sauti kama baba yake atakavyoipata. Pigo la kwanza lilikuja. Kabla halijaondoka la pili likalipanda mgongoni, na la tatu juu ya la pili, yote yakawa uji.

"Linanguruma," alisema alipofumbua macho. "Halitamki."

"Litamke nini? Hii ni sabufa, si mwalimu."

"Baba yangu alikuwa mpiga ngoma. Sasa ni kiziwi. Nataka ayapate maneno, sitaki apate mtikisiko."

Larbi alimtazama kwa huruma. "Kiziwi ndiye unamchagulia sauti hivyo? Chukua lolote, dada yangu. Atajua nini?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Dufie zaidi. Alitaka kumjibu jibu la Suame, ambalo halifai kuandikwa. Badala yake aliinama kufunga kamba ya kiatu, na chini ya meza akaona kitu kilichofunikwa gunia. Ilikuwa amplifaya ya zamani, imechubuka rangi, kanisa fulani liliitoa baada ya kununua mpya. Iliandikwa wati mia mbili, kwa herufi za aibu. Dufie akaishika pande mbili akainyanyua, na ikabidi apige goti kwanza.

"Nataka hii."

"Hiyo? Haina hata taa."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii mbona hukunitembezea?"

Kazi ya sanduku alimpelekea mjomba wake Nsiah, kaka wa mama yake, mchonga ngoma kule Ahwiaa. Ngoma zote alizowahi kupiga Mzee Badu zilitoka mikononi mwake. Dufie alimweleza vizuri: liwe nene, liwe zito, lifungwe pande zote lisipumue, lisiwe na tundu ila la spika. Lakini mzee yule aliposikia neno ngoma na jina la shemeji yake katika pumzi moja, masikio yake nayo yalifungwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye gogo la tweneboa alilokuwa akilitunza, mti ambao ngoma zimechongwa kutokana nao tangu enzi na enzi. Akalipasulia yai, akaliomba radhi kama desturi inavyotaka, akashika tezo.

Wiki tatu alichonga. Likatoka sanduku ambalo watu waliacha kazi kuja kulitazama, kuta zake nyembamba, laini kama shavu la mtoto, na ukiligonga kwa kidole linakuitikia kwa sauti tamu. Dufie aliligonga, na moyo ukamwambia hapana. Lakini nani amwambie mjomba hapana, tena mbele ya watu? Aliipachika spika, akashukuru, akalipeleka nyumbani.

Walilijaribu Jumapili, baada ya kanisa na chakula cha fufu. Mzee Badu aliketishwa mbele ya sanduku, miguu peku sakafuni, macho yamefumbwa. Mama mtu alisimama mlangoni na kitambaa mdomoni. Mjomba Nsiah alikuja na shati jipya. Dufie akawasha.

Nyumba ikatetemeka. Vijiko vikacheza ndani ya beseni. Na sanduku likaimba, kweli likaimba, sauti moja nene iliyokaa chini ya kila pigo na kukataa kuondoka. Mzee Badu akafumbua macho. Aligeuza kichwa taratibu, akatazama dirishani, upande wa barabara.

"Mwambieni dereva azime injini," alisema, akafumba macho tena.

Dufie alitoka akaenda nyuma ya jiko akalia. Miezi tisa alisubiri sentensi kutoka kwa baba yake, na ilipokuja ilikuja kwa ajili ya lori ambalo halikuwapo.

Kesho yake alilirudisha sanduku Ahwiaa. Mjomba alikuwa amekaa kibandani akinoa patasi, na hakunyanyua uso.

"Limekosa nini?"

"Linaimba, mjomba."

"Kuimba kumekuwa kosa lini?"

"Linaimba la kwake. Spika inasema, na sanduku linaimba juu yake. Debe tupu haliachi kuvuma."

Patasi ikasimama. "Kazi yangu unaiita debe?"

"Kazi yako ni ngoma, mjomba. Umechonga ngoma nzuri. Mimi niliomba sanduku."

"Miaka arobaini nachonga mti useme," mjomba alisema polepole. "Leo binti wa dada yangu ananitaka nichonge mti unyamaze."

"Unyamaze kabisa. Mwenye kusema pale ni mume wa dada yako."

Mjomba aliiweka ile patasi, akauliza plaiwudi nene inauzwa wapi.

Walilijenga pamoja. Kila ukuta ubao mara mbili uliounganishwa kwa gundi, ndani mbavu za kukaza, kila kiungo kimezibwa, tumbo limejazwa sufi. Kabla ya msumeno wa kwanza mjomba alitazama huku na huku kama mwizi, akachukua chupa ya pombe kali, akamwagia zile plaiwudi kidogo. "Hata huyu alikuwa mti," alisema, na Dufie hakucheka. Siku ya nne Dufie aliligonga sanduku kwa kifundo cha kidole, likalia kama jiwe linavyolia, yaani halikulia.

"Limekufa," mjomba alisema, na uso wake ulikunjamana.

"Sawasawa," akasema Dufie.

Alileta amplifaya ya kanisa, akaunganisha nyaya hapo hapo karakanani, akawasha. Hakuna kilichonguruma. Mapigo yalikuja moja moja, mafupi, mazito, kila moja likija na kuondoka lenyewe kama mtu mwenye adabu. Mjomba alisikiliza akatingisha kichwa. Kazi yote ile, na sanduku la dukani lingetetemesha zaidi. Alitaka kusema hivyo, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka, alipotazama pembeni.

Kule pembeni ilisimama ngoma kubwa aliyoiwamba jana, haijapata mwenyewe bado, ngozi yake imejaa vumbi la mbao. Hapakuwa na mtu karibu nayo. Na vumbi lilikuwa linaruka. Pigo likija linaruka, pigo likikoma linatua, kimya kikiwapo linalala. Likatembea juu ya ngozi lenyewe, likajipanga duara, na kila neno la Mzee Badu wa zamani lilipotoka kwenye lile sanduku bubu, ngoma ile isiyoguswa na mkono ililirudia.

Nsiah alikuwa amechonga ngoma zaidi ya mia mbili. Hajapata kuona inayosema bila kupigwa. Alisimama, akavua makubazi, akashusha nguo ya begani mpaka kifuani, kama mtu anavyosimama mbele ya chifu.

"Ni hewa, mjomba," Dufie alinong'ona. "Spika inasukuma hewa, hewa inasukuma ngozi. Ni hewa tu."

Ni kweli, ilikuwa hewa. Lakini hiyo "tu" hata yeye hakuiamini, na vinyweleo vilikuwa vimemsimama mikono yote miwili.

"Kamlete shemeji yangu," mjomba alisema. "Nenda sasa hivi."

Mzee Badu alifika alasiri, na alipoiona ngoma aligeuza uso kama mtu aliyekutana na aliyemwacha. Karakana zote za mtaa ule zilikuwa kazini, tezo na patasi zikigonga kila upande. Walimketisha. Nsiah alimshika viganja vyote viwili, akavilaza juu ya ngozi, akavishikilia mpaka vikatulia. Kisha akampa Dufie ishara.

Kwanza hakukuwa na kitu. Dufie aliutazama uso wa baba yake akaona uso ule ule wa miezi tisa, akajua ameshindwa. Ndipo vile viganja vikaruka kutoka kwenye ngozi kana kwamba imeshika moto. Mzee aliitazama mikono yake. Akatafuta nani anapiga, akamtazama Nsiah, akatazama chini ya ngoma, hakuna. Akairudisha mikono pole pole, kwa hofu. Midomo ikaanza kwenda.

"Anamwita Nana Boahemaa," alisema. Sauti ilikuwa imeota kutu. "Sasa anamwita kaka yake, aliyevuka mto akiwa mgonjwa. Anaomba njia. Ndiyo, Nana. Pita, Nana."

Alikuwa anaitika. Kila jina ngoma ilipolitaja, alilijibu kwa Nana, neno la heshima kwa waliotangulia, kama linavyojibiwa, bila kukosea mahali pa kupumua. Dufie hakujua nusu ya majina yale, na aliogopa na kufurahi kwa pamoja. Akataka kumpa zaidi. Akashika kitasa cha amplifaya, akakizungusha juu, mapigo yakajaa karakana, na wachonga wa jirani wakaanza kujikusanya mlangoni.

Mzee akakunja uso.

"Punguza."

Dufie alimtazama mjomba, akidhani hakusikia vizuri.

"Dufie, punguza. Unampigia nani kelele?"

Jina lake hakuwa amelisikia kinywani mwa baba yake tangu mwaka jana. Alizungusha kitasa chini, machozi yakimtiririka. Mzee alisubiri kidogo, viganja juu ya ngozi, akasema tena punguza, na tena, mpaka Dufie mwenyewe hakusikia kitu ila tezo na patasi za mtaa mzima. Alidhani imezimika. Akainama, akatega sikio karibu kabisa na spika; bado ilikuwa inapiga, chini mno.

"Ndiyo, Nana," baba yake alikuwa akisema, macho yamefumbwa. "Nipo. Ndiyo, Nana."

Mlangoni mchonga mmoja alimgusa mwenzake amwonyeshe. Yule akageuka akawapungia walio nyuma. Tezo moja ikanyamaza, kisha nyingine, kisha patasi za ng'ambo ya barabara, mpaka mtaa mzima wa watu wenye masikio yao ukasimama kimya, ukijaribu kusikia anachosikia kiziwi.